Mlinzi Aliyejua Jerandi

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la ofisi ya shule moja ya harambee, Migori, walimu wakihoji watu wa kulinda usiku.

"Katika sarufi ya Kiingereza, jerandi ni nini?" mwalimu mkuu alimuuliza mzee wa Ntimaru aliyelinda ng'ombe maisha yake yote.

Mzee alikuna kidevu. "Mwalimu, hiyo hupitia geti gani?"

Walicheka, wakamwonyesha mlango.

Akaingia kijana wa Rongo, tai shingoni. "Ni kitenzi kinachofanya kazi ya nomino, sir. Mfano: sleeping is good."

Walimpigia makofi, wakamkabidhi rungu na tochi.

Wiki hii mabati ya stoo yametoweka yote, naye alikutwa akikoroma. Wanataka kumfuta kazi. Kwa kosa gani? Siku ya kuhojiwa si alisema wazi anachopenda, tena kwa Kiingereza safi?