Kwa Nini Shangazi Hakuingia Kanisani

Mwezi uliopita, katika harusi ya mjukuu wa dada yangu, mshereheshaji alishika kipaza sauti akawachekesha wageni kwa kisa cha nyanya wa bi harusi. Alisema kwamba siku nyanya huyo alipoolewa, shangazi yake mwenyewe alikataa kuingia naye kanisani, "kwa sababu shangazi alikuwa anajua mambo." Watu wakaangua kicheko. Dada yangu, ambaye siku hizi haoni vizuri, alikuwa meza ya mbele, akaendelea kukunja kitambaa chake. Mimi nilisimama. Nikaambiwa, "Mzee, programu imebana, keti kidogo."

Nilikuwa karani wa serikali hadi nilipostaafu, na sikuwahi kufunga faili huku nikijua kwamba ndani yake mna uongo. Kwa hiyo nayaandika yalivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau. Baba yetu alikuwa kibarua katika shamba la Mzungu upande wa Ndabibi, nami nilikuwa karani mdogo mjini Nakuru. Dada yangu alikuwa amefanya kazi ya uyaya mjini humo kwa muda, na hilo peke yake lilitosha kuwapa watu maneno. Katika kanisa letu gauni jeupe na shela havikuwa mapambo. Msichana aliyejulikana kwamba ameishi na mwanamume alifungishwa ndoa kwa nguo za kawaida, kichwa wazi. Aliyeruhusiwa kuvaa nyeupe alipokewa mlangoni na mke wa mzee wa kanisa, naye alimkagua kuanzia shingoni hadi kwenye upindo. Doa lolote, hata la safari, lingesomwa kama watu walivyotaka kulisoma. Juu ya dada yangu walikuwa wamekwisha kuanza kusoma.

Nilitoa pendekezo ambalo hadi leo naliona la busara: gauni lisafiri sandukuni, dada avalishwe Nakuru, katika nyumba ya rafiki yangu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Binti wa boma hili akavulie nguo nyumbani kwa kapera?"

"Shangazi, mimi naogopa vumbi."

"Ogopa vumbi wewe. Mimi naogopa midomo. Vumbi hufuliwa."

Kwetu bi harusi alitoka mlangoni mwa baba yake akiwa amevaa, watu wote wakimwona, na akashuka mlangoni mwa kanisa akiwa vivyo hivyo. Hapo mjadala ulikwisha.

Gauni lilifuliwa kwa buluu ya kung'arisha weupe, likatiwa wanga wa uji mwembamba, likapigwa pasi ya makaa juu ya blanketi. Kila mara kabla ya kuligusisha pasi, Shangazi aliipeleka nje akaipuliza majivu, asije akaruhusu cheche moja. Asubuhi ya harusi alimnyima dada yangu hata chai. "Utakunywa ukishakuwa mke wa mtu." Kisha akamfunika kwa shuka mbili na kumketisha mbele, kando ya dereva, katika lori la shamba ambalo wiki nzima lilikuwa limebeba pareto. Dirisha likafungwa licha ya joto. Sisi wengine tulipanda nyuma.

Tulipopita Gilgil tulikuta kizuizi.

"Shuka! Wote chini! Mikono kichwani!"

Nilitoa kipande changu cha utambulisho na barua ya ruhusa ya safari. Karatasi zangu zilikuwa kamili, na askari hakuzitazama.

"Mimi ni karani wa ofisi ya serikali," nikamwambia.

"Karani hana matako? Kaa chini."

Nikakaa, na suti yangu. Vumbi la mahali pale lilikuwa laini kama unga, ukiligusa, limekushika. Askari mwingine alimshusha dada yangu, akazivuta zile shuka, akazikung'uta kutafuta kilichofichwa, na alipokosa akazitupa chini na kuzikanyaga. Dada yangu akabaki amesimama peke yake barabarani, mweupe pe, huku sisi sote tumeketi.

Afisa wa Kizungu, kijana aliyeegemea Landrova yake, akasema kwa Kiswahili chao cha mashambani: "Hapana simama. Kila mtu nakaa chini. Maramoja."

"Bwana, huyu ni bi harusi," nikaanza kwa Kiingereza changu cha ofisini. Mtutu wa bunduki ukanigeukia. Dada yangu alikuwa akinitazama mimi.

Ndipo Shangazi aliposema, bila kupaza sauti, "Afande, mmesema akae. Hamkusema akae juu ya nini."

Alikuwa amekwisha kunyoosha miguu vumbini. Akawaambia kitu wanawake wawili waliokuwa kando yake, nao wakamsogelea hadi mapaja yao yakagusana. "Njoo, mama. Keti hapa."

Dada yangu akakusanya gauni lote kifuani, akaketi juu ya mapaja yao kama mtoto wa kubebwa.

"Mikono!" askari akafoka.

Akainua mikono kichwani. Gauni likaanza kuteleza kuelekea chini. Mikono ya Shangazi nayo ilikuwa kichwani, kwa hiyo aliinama akaudaka upindo kwa meno.

Tukakaa hivyo. Lori lilipekuliwa ubao kwa ubao. Kisha nikaona kimbunga cha vumbi, vile vya kiangazi, kikija kutoka uwandani, chembamba na kirefu, kikielekea barabarani moja kwa moja. Shangazi naye alikiona. Akashusha mikono.

Bunduki ikalia kwa kukokiwa. "Mama! Mikono juu!"

Hakuweza kujibu, upindo ulikuwa mdomoni. Akajitupa mbele na kumfunika dada yangu kwa kifua chake, na wale wawili wakamfuata. Vumbi likatupitia. Sikuona kitu. Nilisubiri mlio.

Kulipotulia, mtutu bado ulikuwa umeelekea mgongo wa Shangazi, na yule afisa alikuwa akitema mate katika leso. Akapunga mkono. "Haya, kwenda. Kwenda yote."

Kanisani Nakuru mke wa mzee wa kanisa alitungoja mlangoni. Aliinua shela, akamgeuza dada yangu, akauchunguza upindo nje na ndani. "Ni safi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa.

Zamu ya Shangazi ilikuwa imefika. Yeye ndiye aliyepaswa kuingia nyuma ya bi harusi akishika upindo. Nilimkuta kando ya ua wa miti ya miba ya kayaba, mgongo na makalio yake rangi ya barabara, vumbi limegandia hadi kwenye nyusi.

"Shangazi, twende, wanangoja."

"Niende wapi hivi? Nikiligusa gauni lile sasa, nimekalia vumbi bure. Kashike upindo wewe."

"Mimi, mwanamume?"

"Mikono yako ni safi, karani. Ilikuwa kichwani wakati wote."

Nikaushika. Minong'ono ilianza kabla hatujafika katikati ya kanisa: shangazi yu wapi? Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, kimya kilizidi kile kinachotakiwa. Vichwa viligeukia mlango mtupu.

Sauti ikatoka dirishani, upande wa nje, sauti ya mtu ambaye bado ana vumbi kooni:

"Hakuna! Mfungishe, mchungaji, mtoto hajanywa hata chai!"

Kanisa zima liliisikia. Hayo ndiyo niliyokuwa nimesimama kuyasema nilipoambiwa niketi.