Choo Mbele ya Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi karibu na Sigowet, kwetu kwenye chai, hedimasta alinikabidhi chaki, darasa la tatu na wasichana wote wa shule. "Wewe ni mama, utakuwa mwalimu mlezi," akasema. Sikuwa na mtoto hata mmoja. Mwalimu mlezi, kwenu mliozaliwa juzi, ndiye anayeendewa na msichana mwenye neno asiloweza kumwambia mwanamume.

Kazi hiyo ilinifuata hadi shule ya kambi ya wakimbizi, kule kaskazini, ambako mche wa chai haungemaliza wiki. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa mtu wa nyumbani, wa Ndanai, mzee mwenye heshima zake. Vyoo vya wasichana alikuwa amevijenga kama tunavyojenga huku nyumbani: mbali, nyuma kabisa, ua wa miti umevizunguka. Kwetu, choo kinachoonekana na wageni ni aibu. Vilikuwa safi sana, na hakuna msichana aliyevitumia.

Uji ndio ulioniambia. Achol, msichana wa darasa la saba aliyewashinda wavulana wote kwa hesabu, kila asubuhi alimpa mwenzake kikombe chake. Nikamuuliza kama hapendi uji.

"Naupenda, mwalimu. Lakini nikinywa nitataka kwenda kule nyuma, na kuna wanaume hujificha kwa ule ua. Mama amesema mwezi ukiisha nikae nyumbani."

Nilikasirika, nawaambia. Nikaenda moja kwa moja ofisini.

"Sasa madam, unataka choo kiwe wapi? Kwa geti?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Mbele ya jikoni, mzee. Pale akina mama wanapika uji."

"Choo na jikoni? Watu wa Ndanai wakisikia watanicheka."

"Wewe una binti. Ungemtuma kule nyuma peke yake?"

Akavua kofia, akaivaa tena. Wiki iliyofuata alishika panga mwenyewe akaufyeka ule ua, kisha akawasimamia mafundi wakichimba mashimo mapya. Milango ilitazama jikoni, na komeo zilikuwa za ndani. Wapishi walimjua kila mwanamume aliyepita pale bila shughuli, na midomo walikuwa nayo. Mama yake Achol alikuja kujionea. Akaingia, akajifungia, akatoka, akaenda zake. Binti akabaki shuleni, na uji wake akawa anaumaliza.

Nimestaafu sasa, niko Litein na majani chai yangu na ng'ombe wawili. Watu huniuliza nilifundisha nini miaka yote hiyo, nami hushindwa pa kuanzia. Choo changu kiko mbele, kando ya jikoni. Majirani wanasema mwalimu amezeeka vibaya. Wacha waseme.

Desemba, Achol alikuja kunitembelea. Ni mwalimu siku hizi, na mlezi wa wasichana pia. Nikammiminia chai, akamaliza. Nikaongeza, akamaliza. Alipoleta kikombe tena nikamtania, "Wewe, si una safari ndefu? Punguza."

Akachungulia nje ya mlango, akacheka.

"Ongeza tu, mwalimu. Choo nakiona."