Alamu Iliyolia kwa Kila Pikipiki

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua kule Gikondo, mwanangu, kwenye gereji nilikojifunza kupaka magari rangi. Nilikuwa msichana wa haya, nimeishia darasa la sita, na machozi yangu yalikuwa karibu. Nikiambiwa rangi imechuruzika, nalia. Watu wakicheka kule mbali, nadhani wananicheka mimi. Wenzangu wakaniita Nyeti.

Neno lenyewe si baya. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyeti, ndiyo maana tunaichagulia sabuni. Jambo la nyumbani likiwa nyeti, halisemwi mbele ya wageni. Lakini kinywani mwa Kalisa, fundi wa bodi, lilimaanisha mtu asiyefaa kazi.

Asubuhi hiyo mlango wa gari la mteja ulikutwa umekwaruzwa. Kalisa akaninyooshea kidole. "Ni huyu. Jana alikuwa anapitisha msasa hapa."

Nikalia, nikasema si mimi. Hakuna aliyegeuka.

"Nyeti ameanza. Mulete ndoo ya machozi!" Kalisa akasema.

Mzee Shabani, mwenye gereji, alikuwa ameshaniambia nikusanye vitu vyangu. Hapo pikipiki ikapita barabarani, na gari moja uani likapiga alamu. Lilikuwa limeletwa kwa shida hiyohiyo, alamu yake ililia kwa kila pikipiki. Hakuna aliyeinua kichwa. Mzee akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Binti, nyamaza kwanza. Halafu uniambie mara moja tu."

Nikafuta uso. "Mzee, gari lililokwaruzwa liliingia jana jioni. Mimi nilikuwa nimeshaenda nyumbani."

Mlinzi akaulizwa, akakubali ni kweli. Kalisa akajifanya anatafuta spana.

Mzee hakunibembeleza. "Leo ningekufukuza bure. Umelia kwa kila kitu, hata siku ya kuonewa hatukukusikia." Kisha akamwita fundi umeme. "Hii alamu usiitoe, gari litaibiwa. Ipunguze tu, isishtuke ovyo."

Mimi sikubadilika siku ile. Nililia tena wiki hiyohiyo, kwa jambo dogo ambalo hata silikumbuki. Ila nilianza kujiuliza kwanza: huyu ni mwizi, au ni pikipiki inapita?

Jana ulirudi kutoka shule umevimba macho kwa sababu rafiki yako alikaa na mwingine. Sikukuuliza mengi. Naandika polepole, kwa hiyo nasema machache. Usione aibu kwamba unaguswa upesi. Kwa moyo kama huo nilijua umeumia kabla hujavua viatu. Usiuzime. Upunguze tu, usubiri kidogo kabla ya kulia, na ukionewa kweli, sema kwa sauti kavu, mara moja tu, nao watageuka.

Mungu akulindie moyo huo ubaki laini, na siku utakapoita, akupe watu wa kukuitikia.