Mama Uzi na Kiti cha Mfalme

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, kati ya majora ya vitambaa, mwaka ule mfalme mkongwe alipofariki. Mama yake alikuwa fundi cherehani, naye akairithi kazi hiyo. Watu walimwita Mama Uzi hata kabla hajawa mama wa mtu, maana ukosi wa gauni lake haukukosa vipande vya uzi. Kusoma alijifunza akiwa na miaka thelathini na mmoja, baada ya mtawa mmoja kumkuta kanisani ameshika kitabu cha sala juu chini. "Nifundishe, Sista," alimwambia bila haya, "nisiendelee kumdanganya Mungu kila Jumapili."

Miaka miwili baadaye alimshonea mfalme kijana joho la sherehe. Mfalme alipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba banda la farasi lililoachwa, liwe shule ya watoto wa yeyote. Akapewa banda, ulinzi wa mfalme, na kiti chekundu chenye mito, kikae mbele ya darasa kama alama ya ulinzi huo. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, na kila Jumatatu karani wa ikulu alikuja kukikagua.

Mwaka wa sita aliingia binti wa mfagizi, mgonjwa wa nyonga. Benchi zisizo na egemeo zilimtesa hadi akataka kuacha shule. Mama Uzi alisali, akakipangusa kile kiti, akamkalisha. Jumatatu karani alishika kichwa. "Mama, shule itafungwa hii. Watoto sitini, kwa ajili ya mmoja?"

"Kaseme ulichokiona, baba. Mtoto hatoki."

Wazazi walimnunia wiki tatu nzima. Tusidhani watakatifu hawaogopi: chakula kilimshinda, na hata kutunga uzi kwenye sindano hakuweza. Ndipo asubuhi moja mfalme akaja mwenyewe. Binti alitaka kusimama; Mama Uzi akamshika bega.

"Mtukufu, mimi niliomba shule. Kiti sikuomba."

Mfalme akamgeukia mtoto. "Kinakufaa?"

"Kinanifaa, ila miguu yangu haifiki chini."

Mfalme akaenda kukaa benchi la nyuma hadi somo la hesabu likaisha. Kesho yake alimtuma seremala wa ikulu akakate miguu ya kiti.

Mama Uzi alifariki akiwa na miaka sabini na minne, akipinda sketi ya mwanafunzi. Shule ingalipo, na kile kiti kifupi hukaliwa na mtoto anayekihitaji zaidi. Anayetaka kumwiga asianze na kufunga. Aangalie kwanza nani chumbani mwake hana pa kukaa.

Wapo wanaosimulia kwamba binti yule alipona siku ile ile. Hakupona. Alichechemea hadi uzeeni, nami nashukuru kulisema hili kwa uhakika, kwa sababu alikuwa mama yangu, na herufi hizi ninazoandika alinifundisha yeye.