Usimjibu Mtu Ukiwa Unahema

Asubuhi moja naikumbuka kuliko Idi zote nilizokula, mwanangu: ile waliyokuja kupima mashamba yetu.

Nakuona unavyokimbia ufukweni kila alfajiri na hiyo saa yako mkononi, ukiniambia mbio ndefu zinanoa akili. Huenda. Mimi kitu kinachosifiwa mno hukigeuza kwanza nikakinusa, kama samaki wa sokoni.

Gesi ilikuwa imegunduliwa baharini, na huku kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kila mgeni aliyeshuka garini tulimtilia shaka, hata muuza vitenge. Ilisemekana tutahamishwa. Makaburi yaliyo ndani ya shamba la mtu yangehamishwa kwa heshima pamoja na wenyewe. Yatakayobaki nje ya kipimo yangekutana na tingatinga. Katika shamba la bibi yangu, Bibi Atija, ukingoni kabisa, alilala babu.

Ukoo ulinichagua mimi nifuatane na wapimaji, kwa kuwa nilikuwa winga wa timu ya kijiji na Kireno nilikijua. Bibi akasema naye atakuja. Nilinuna, nikidhani atatuchelewesha.

Wapimaji walikuwa vijana wawili wa Maputo, wenye miguu isiyochoka. Walianzia mashamba ya mbali, letu wakaliacha mwisho, jua likiwa utosini. Nilipouliza kwa nini, walicheka tu. Nami kwa ujinga wa mchezaji sikukubali kuachwa, nikashindana nao vichakani. Bibi alikuja nyuma kwa mwendo uleule aliotoka nao nyumbani, midomo ikicheza. Alikuwa akisoma uradi. Wanawake wa kwetu wakienda mwambani kuchokoa pweza husoma hivyo: pumzi ikikata neno, wanajua wamezidisha mwendo, wanapunguza. Aliyechoka sana husahau njia ya kurudi, na maji yakianza kujaa hayamngoji mtu.

Tulipofika kwetu nilikuwa nahema, masikio yanavuma. Mmoja wao akasimama penye mnazi uliopinda, akaniuliza kama mpaka unapita pale. Mpaka wetu ulikuwa mbele zaidi, ng'ambo ya kaburi, na niliujua tangu utotoni. Lakini wakati ule, wallahi, nilitaka kivuli tu, na mnazi ule niliuona ndio wenyewe. Nilikwisha fungua kinywa niseme está bem, yaani sawa, mkono wa Bibi ukanishika bega.

"Nisomee Alhamdu," akasema.

Nikaanza. Sikufika aya ya tatu, pumzi ikakata.

"Alhamdu imekushinda, shamba utaliweza? Kaa chini. Hawa watangoja."

Nilikaa, nimeona haya. Pumzi iliporudi nikaisoma sura yote, kisha nikainua macho, nikaliona kaburi la babu upande wa pili wa ule mnazi, nje. Nikasimama nikawapeleka hadi mpaka wa kweli, wakapima upya. Kama walikusudia, sijui. Mpaka leo nawashuku, Mungu anisamehe.

Tangu hapo nikawa nafuatana na Bibi mwambani kila bamvua, maji yanapokupwa sana. Mwanzoni uradi ulinikatikia njiani. Baadaye nikaweza kwenda na kurudi sauti haitetemeki, na kichwa nacho kikatulia; hata kwenye mabishano ya barazani sikupotea tena kirahisi.

Basi kimbia, mwanangu, sikukatazi. Mwili uliozoea safari ndefu hauiibii akili nafasi yake. Ila hiyo saa usiiamini kuliko ulimi wako: soma huku unakwenda, na neno likikatika, punguza. Haraka haraka haina baraka. Na mtu akikuletea jambo la kukubali wakati unahema, hata awe anatabasamu, hata awe amekushikia maji, mshuku. Kaa chini kwanza.

Mungu akupe pumzi ndefu na mtu wa kukushika bega. Ukirudi mbioni pita kaburini kwa babu, umsomee Alhamdu. Tulipohamishwa tulikuja naye, na yuko hapa karibu nasi kwa sababu ya hiyo Alhamdu.