Mlango Mmoja, Mfuko Mmoja

Shangazi yangu ni mpiga pasi, na mtaani hakuna anayemwita vinginevyo: Mama Pasi. Ana mkono mzito, mdomo mwepesi, na ukimletea shati lenye kifungo kilicholegea atakusema kwanza, kisha akushonee bure.

Ugonjwa ulipoingia, ofisi zikafungwa. Nani apige pasi shati la kushinda nalo kitandani? Pasi yake ya mkaa ikapoa, na sisi tukapoa nayo. Kisha serikali ikatangaza kwenye redio: amri ni kubaki ndani, na kila kaya italetewa mfuko wa chakula, unga, maharage, mafuta na sabuni. Tukashukuru. Kumbe tumeshukuru mapema.

Waandikishaji waliogopa kuingia majumbani wasije wakaambukizwa. Wakapita barabarani na chaki, kila mlango unaotazama barabara wakaupiga namba. Nyumba yetu ina vyumba tisa na kaya tisa, zimejipanga kwenye ukumbi mmoja mrefu, lakini barabara inaona mlango mmoja tu. Kwa hiyo tukaletewa mfuko mmoja. Shangazi akaugawa kwa kikombe cha chai hadi sabuni akaikata vipande tisa kwa uzi. Siku mbili, kwisha habari yake.

Wengine tulikuwa na pa kujishikiza. Aliyemkosesha shangazi usingizi ni fundi saa wa chumba cha mwisho. Mzee yule hana mke wala mtoto, na alikuwa na siku kumi na moja amefungiwa baada ya kupimwa na kukutwa na ugonjwa. Tulikuwa tukimwekea uji mlangoni. Siku ya kumi na mbili uji haukuwepo. Shangazi alisimama nje ya mlango wake, akamsikia akikohoa, akarudi macho mekundu.

"Hapana," akasema. "Hapana kabisa. Seremala! Bisibisi yako iko wapi?"

Seremala wa chumba cha tatu akatoa kichwa. "Ya nini, mama?"

"Si wanahesabu milango? Basi tuwapelekee milango."

Tulimwona ameanza kuchanganyikiwa. Msusi, jirani wa chumba cha pili, alicheka mpaka barakoa ikamshuka. Lakini shangazi alishachukua bisibisi, yuko kwenye bawaba za mlango wake, ananguruma kwa hasira. Ulipong'oka, hakuna aliyecheka tena. Seremala alimalizia milango yote iliyobaki kabla jua halijawa kali. Wa fundi saa tuliuosha kwa sabuni, tukamtundikia mzee shuka mahali pake.

Basi tukatoka, kila mmoja na mlango wake kichwani, tukiachana hatua mbili mbili kama ilivyoamriwa. Shangazi alibeba miwili, wake na wa fundi saa, nami nikashika kwa nyuma. Askari wa kona akapiga filimbi: "Nyie! Mnakwenda wapi na amri ipo?"

"Kuhesabiwa!" shangazi akamjibu bila kusimama. Jamani, askari mwenyewe akatupisha.

Karani wa mtaa alikuwa nyuma ya kioo, amevaa barakoa mbili. Alipoona milango imeegemezwa ukutani mwa ofisi yake, alisimama.

"Nini hiki?"

"Mmesema mlango mmoja, mfuko mmoja," shangazi akasema. "Sisi watu wa sheria. Hesabu."

"Mama, huo si utaratibu."

"Utaratibu ni upi, baba? Kaya tisa zife kwa sababu mlitazama nyumba kwa nje? Mimi siondoki. Nyumbani sina hata mlango wa kufunga!"

Karani akatazama foleni, akamtazama askari wa zamu pale nje, akavuta daftari. Akaandika mmoja, wa pili, mpaka wa nane. Kwa wa tisa akaweka kalamu chini.

"Huyu mwenyewe yuko wapi? Lazima aje mwenyewe."

Shangazi akasogeza uso karibu na kioo.

"Mwenyewe ndiye yule mgonjwa mliyemfungia. Anakohoa. Nikamlete?"

Hajawahi kuandika haraka vile, yule karani. Alisahau hata kuuliza umri.

Tulirudi na milango kichwani na mifuko minane mgongoni, kwa sababu mmoja ulikuwa umeshaletwa na karani hakusahau hilo. Hatukubishana, tungegawana. Shangazi hakungoja hata kupumzika. Akakoroga uji mzito, akaenda nao mpaka chumba cha mwisho, akauweka kizingitini, akarudi nyuma, akavuta shuka kwa ufagio.

Fundi saa alikuwa ameketi sakafuni, amekonda, shati limemning'inia. Akautazama uji, akatikisa kichwa.

"Wape watoto, mwanangu. Mimi safari yangu imeshafika."

Shangazi akagonga ufagio chini.

"Kula! Nimekuandikisha kuwa uko hai, mzee. Usinifanye muongo."