Vikapu Vinavyong'aa Nilivyomchagulia Mtani Wangu

Nilisikia kikohozi cha baba yangu kabla sijaona chochote. Kilekile! Kifupi, kikavu, kisha cha pili kinachovutwa taratibu kama kamba kutoka kisimani. Kilitokea nyuma ya nyumba yetu Kwihara. Na mimi nilikuwa nimetoka kuoneshwa kaburi la baba, udongo bado mbichi.

Naanzia hapo kwa sababu uovu wangu ulizaliwa kwenye kikohozi hicho. Nimekosa. Nimemdhuru mtu kwa makusudi, kwa akili zangu timamu, huku nikitabasamu. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui na hutanitazama usoni.

Nilikimbilia nyuma ya nyumba. Nikamkuta Mwanahawa, mtani wangu, amevaa koti la baba, kofia ya baba imemfunika nyusi, anajikongoja kwa fimbo katikati ya waombolezaji. Mwanahawa ni Mzaramo aliyeolewa huku kwetu. Sisi Wanyamwezi na wao ni watani tangu wapagazi wetu walipokuwa wakishusha mizigo pwani. Msibani mtani ana kazi yake: anamuiga marehemu, anawachokoza wafiwa, anachukua kitu cha marehemu na kuondoka nacho, na hakuna anayeruhusiwa kununa.

"Binti yangu yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ya baba. "Kuku wake hawajaiva? Msimharakishe jamani! Mimi nitaoza polepole, nitamsubiri!"

Watu waliangua kicheko. Hata mama alicheka, machozi yanamtiririka. Nami nilicheka, meno nje, moyo unaungua.

Kwa sababu ilikuwa kweli! Mimi ni mchoma nyama wa sherehe, naishi Itetemia. Baba alipokuwa anakata roho nilikuwa nachoma kuku wa harusi. Simu ilipoita nilisema, ngoja niwageuze hawa wa mwisho, nikaendelea kugeuza mpaka sherehe ikaisha. Kutoka kwangu hadi Kwihara ni mwendo wa pikipiki tu. Nilipofika, walikuwa wameshazika.

Hakuna ndugu aliyethubutu kunitamkia neno. Mwanahawa alilitamka, mbele ya ukoo mzima, kwa kinywa cha baba.

Mtani hachukiwi. Nililijua hilo tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Lakini kile kikohozi kilinikaa sikioni kama mdudu, nikajiapiza: umekohoa kwa mchezo, Mwanahawa. Utakohoa kweli!

Nafasi ilikuja yenyewe, imefungwa kwenye boksi. Kaka yake alimletea kutoka Dar jiko la kuchomea nyama, lile la duara kama chungu kikubwa cheusi, lenye miguu mitatu na mfuniko wake. Mumewe alikuwa amefariki, na yeye alikuwa anauza maandazi yasiyotosha kulisha watoto. Mwenye ukumbi mmoja mjini akamwambia: choma kwenye sherehe moja nikuone, ukiniridhisha, sherehe zote za ukumbi huu ni zako. Hapo ndipo riziki ya wanawe ilipokuwa imening'inia.

"Wee mbeba mizigo!" aliniita tangu barabarani. "Toka uone chuma cha watu waliostaarabika!"

"Mzaramo wewe, chuma hicho utakifanyia nini? Utakilalia?"

"Nitakichomea nyama mpaka Wanyamwezi wote mje kulamba mifupa! Ila sikiliza, mtani. Kina mahitaji yake, vikapu vya mkaa na vikorokoro vingine. Mimi moto siujui. Nichagulie wewe. Nakuamini."

Nakuamini. Alilisema huku anacheka, anaosha mikono kwenye ndoo yangu bila kuomba ruhusa.

Jiko lile halitaki mkaa umwagwe ovyo. Mkaa unakaa kwenye vikapu viwili vya chuma vyenye umbo la nusu mwezi, kimoja huku, kingine kule, nyama katikati, mfuniko juu. Moto unaizunguka nyama bila kuilamba. Na kikapu chema ni cha chuma cheusi, kizito, kimetobolewa pembeni na chini ili mkaa upumue. Hakipendezi. Ukikiona utadhani kimeokotwa jalalani.

Kwa fundi wa mabati, pale sokoni, vyeusi vilikuwepo, vimening'inizwa msumarini. Nilivipita. Nikanyoosha kidole kwenye bati jipya la kuezekea, linang'aa kama maji.

"Nitengenezee vya hili."

Fundi aliweka nyundo chini. "Dada, bati hili limepakwa zinki. Likipata moto mkali linatoa moshi mbaya. Moshi huo uliwahi kunilaza kitandani nikichomelea."

"Mwenyewe anapenda kinachong'aa. Wewe kata."

Akakata. Kila mlio wa mkasi wake niliusikia kama wimbo!

Sikuishia hapo. Bomba la kuwashia mkaa, lile unalorundikia mkaa mpaka ushike, nilimchagulia zuri, na sinia la kukingia mafuta zuri, ili asinishuku. Lakini koleo nilichagua fupi. Fupi kabisa, ili ukigeuza nyama lazima uso uingie kwenye moshi. Kisha nikampa somo, mimi mwalimu wa shetani: "Mtani, mchomaji hodari anapika kwa pua. Funua, inama, vuta harufu. Ndiyo siri yetu."

"Ona vinavyong'aa! Kama meno ya bibi harusi!" Alinikumbatia. "Kumbe na nyinyi Wanyamwezi mna roho!"

Nilicheka tena. Safari hii nilicheka kwa raha.

Siku ya sherehe nilifika alasiri mapema, nikavuta kiti karibu na jiko, kama mtu aliyewahi nafasi nzuri kwenye ngoma. Mwanahawa alikuwa amejifunga khanga mpya. Aliwasha mkaa, akajaza vikapu, akapanga nyama, akafunika. Mkaa ulikuwa wa mti mgumu wa porini kwetu, ukishika haufanyi mzaha. Punde moshi mweupe, mzito, ukaanza kutoka kwenye matundu ya mfuniko. Si moshi wa nyama. Mchoma nyama yeyote angeutambua.

Akafunua. Akainama. Akavuta harufu, kama nilivyomfundisha.

Nikakisikia. Kifupi, kikavu. Kisha kile cha pili, kinachovutwa kama kamba.

Sitakudanganya: nilifurahi! Furaha ilinipanda kutoka miguuni mpaka utosini. Baba yangu, nilisema moyoni, mwanao amekulipia.

Akakohoa tena. Akashika ukingo wa meza. Na watu wakaanza kucheka! Walikuwepo wengi waliokuwa msibani Kwihara. "Huyo mzee wa Kwihara kafufuka!" mmoja akapiga kelele. "Mwanahawa, mwache marehemu apumzike!" Mwenyewe, mtani mpaka mwisho, alijaribu kutania katikati ya kikohozi: "Jamani... baba wa Mnyamwezi... amenipanda kichwani!" Kicheko kikalipuka. Wakapiga makofi.

Alipiga goti. Wakapiga makofi zaidi.

Hakuna aliyejua kwamba si mchezo isipokuwa mimi. Alinitafuta kwa macho. Macho mekundu, yanatoka machozi, yananiuliza, mtani, nini hiki? Neno moja tu lilihitajika, wamtoe pale. Nililifungia kinywani. Nilikaa kwenye kiti changu!

Walimbeba alipoanguka. Nyama ilionjwa, ikatemwa, ikamwagwa yote. Mwenye ukumbi aligeuka kutafuta mtu wa kumwokoa na aibu, akaniona mimi. Alinipa kazi ile. Nikaipokea. Ndiyo, niliipokea, huku jiko la Mwanahawa bado linafuka!

Alilala na homa, anatetemeka chini ya mablanketi wakati sisi wengine tunajipepea. Mungu alimnyanyua. Lakini kifua chake hakijarudi kilivyokuwa, na maandazi anayauza sasa kwa kukaa, si kwa kutembeza.

Nami nimepata nini? Nina ukumbi. Nina wateja. Na kila nikifunua jiko, kikohozi kinatoka humo, na sijui tena ni cha baba au ni chake.

Wewe unayesoma na una mtu umemwekea donge, nisikilize! Aliyekuchoma kwa mzaha amekuonesha kidonda chako. Kidonda ulikuwa nacho tayari. Mimi mtu wa kumkasirikia alikuwa mimi, niliyegeuza kuku wakati baba ananiita. Nikampiga yule aliyethubutu kunitania kwa kosa hilo. Usiguse chakula cha mtu, wala moto wake, wala pumzi yake, kwa ajili ya kisasi. Na ukiona mtu anakohoa watu wanacheka, nawe unajua, sema! Sema hata kama ni wewe uliyeuwasha moto huo!

Juzi asubuhi nilibishiwa hodi. Hapa kwangu Mwanahawa hajawahi kupiga hodi; huingia na matusi yake kama upepo. Nikafungua, ni yeye.

"Habari za asubuhi, dada," alisema.

Dada! Si mbeba mizigo, dada.

Aliweka vile vikapu mezani. Havikung'aa tena, vimefanya ukoko mweupe kama kidonda kilichokauka. "Nilivirudisha kwa fundi anibadilishie. Akaniambia alivyokuonya."

"Mtani, mimi..."

"Na hili ni koti la mzee." Lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri. "Nililichukua kwa haki ya utani. Haki hiyo sina tena."

"Nitukane, Mwanahawa!" Nilikuwa nimeshapiga magoti. "Niite mbeba mizigo, niite mchawi. Sema kuku wangu hawajaiva. Nitukane!"

Alinitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyepotea njia.

"Nikutukane kwa lipi, dada? Nisalimie mama huko Kwihara."

Siku nikifa, hakuna atakayevaa khanga zangu na kuwachekesha watu. Hilo nililielewa pale sakafuni, koti la baba kifuani, nikimsikia anakohoa kidogo anapofika kizingitini. Hakugeuka. Aliuvuta mlango nyuma yake taratibu, kwa adabu, mpaka ukafungika.